Pilipili au tikiti maji: kipi kinaufaa ua wako?

Anayeanza bustani nyuma ya nyumba huku Pwani mara nyingi anatamani vitu viwili zaidi ya mchicha na matembele: pilipili na tikiti maji. Mbegu za vyote viwili zinapatikana kwenye karibu kila duka la pembejeo, vyote vinataka jua, na vyote vinatoa tunda la kujivunia. Baada ya hapo havifanani hata kidogo. Ua unaozaa pilipili mwaka mzima unaweza usikupe hata tikiti moja la maana, na udongo uliokwisha kuua pilipili unaweza kukuzalia tikiti tamu sana.

Naandika nikiwa na nyua za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa akilini, zenye joto, udongo wa kichanga na maji ya mgao au ya kisima. Watu wa Arusha, Nairobi na Iringa nao nitawafikia, kwa sababu kwao jibu linageuka.

Kwanza tukubaliane ni pilipili ipi. Hoho, ambayo Zanzibar wengi huiita pilipili boga, ndiyo kubwa isiyowasha. Pilipili mbuzi ni ile yenye mikunjo na harufu nzuri, kali kwelikweli. Pilipili kichaa ni ile ndogo inayosimama wima kwa vishada. Hizi tatu hazina tabia moja, na nitazitenganisha kila panapohitajika. Kwa upande wa tikiti nazungumzia tikiti maji, hasa aina ya Sugar Baby, yenye tunda la mviringo la kilo 3 hadi 5 na ganda la kijani iliyokolea. Aina za matunda makubwa, kama Crimson Sweet au Charleston Grey, ni za shamba. Uani zitakuonea.

Nafasi

Hapa pilipili inashinda bila ubishi. Mche wa hoho unatosheka na sentimita 45 kutoka kwa mwenzake, wa mbuzi unataka 60 au zaidi kidogo. Na kama huna ardhi kabisa, ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, ikajazwa udongo na samadi iliyoiva, inatosha kwa mche mmoja. Ndoo nne kwenye kibaraza ni bustani kamili ya pilipili. Hata mpangaji wa chumba kimoja anaweza, na siku akihama anaondoka na ndoo zake.

Tikiti linatambaa. Mmea mmoja wa Sugar Baby unarefuka mita mbili au zaidi, na matawi yake yanakwenda yanakotaka: kwenye njia, chini ya kamba ya nguo, kwa jirani. Hesabu angalau mita mbili za mraba kwa kila shina, na usipande shina moja peke yake, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye maua. Kwa hiyo chini ya mita sita hadi nane za mraba za ardhi iliyo wazi, sishauri tikiti. Yupo anayelipandisha kwenye waya au uzio na kulifungia tunda kombeo la khanga chakavu ili lisikate shina. Inawezekana kwa matunda madogo, lakini uwe mtu wa kukagua mafundo kila siku chache.

Jua nalo lina lake. Tikiti linataka jua la kutwa, kwa muda wa saa nane hivi, bila mjadala. Utamu wa tunda unatengenezwa na majani, na jani lililo kivulini halitengenezi kitu. Pilipili inaridhika na jua la muda wa saa sita, na huku kwetu hoho hufurahia kivuli chepesi cha alasiri. Ua mwingi wa mjini umezungukwa na ukuta wa tofali za saruji, kwa hiyo kabla hujanunua mbegu, shinda nyumbani siku moja uangalie kivuli cha ukuta kinafika wapi saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri. Siku hiyo moja itaamua mengi.

Msimu ndio unaoamua

Wengi wanaolalamika kwamba hoho "haizai Dar" wamepanda wakati mbaya. Hoho hudondosha maua mchana ukipita nyuzi 32 hivi, na usiku wenye joto huongeza tatizo. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, hali ndiyo hiyo: mche unapendeza, majani mapana, maua yanatoka na kupukutika. Hakuna mbolea itakayotibu. Mwezi Julai usiku wa Dar hushuka hadi nyuzi 19 hivi na mchana haufiki 30 mara nyingi, na mche uleule unafunga matunda. Basi kitalu cha hoho kiwekwe Aprili, chini ya paa linalozuia mvua ya masika, miche ihamishwe mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, nawe uchume kuanzia Agosti. Hoho nzuri za sokoni Dar hutoka sana sehemu za milimani kama Lushoto na Mgeta kwa sababu hiyohiyo ya ubaridi.

Mbuzi na kichaa ni wavumilivu zaidi. Joto linapunguza mazao yao bila kuyakata. Anayetaka kupanda bila kuangalia kalenda apande hizo.

Tikiti linapenda joto, lakini linaogopa mvua. Mvua ikipiga wakati wa maua, nyuki hawatoki na chavua inalowa. Ikipiga majani mfululizo, ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa majani, unaingia na ndani ya wiki moja mmea umekauka kama uliomwagiwa mafuta ya taa. Ikipiga tunda linapokaribia kuiva, tunda linapasuka au linakuwa maji matupu. Dirisha zuri la Pwani ni moja: panda masika inapoisha, kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni, wakati udongo bado una unyevu chini na mawingu yanaondoka. Utakula mwishoni mwa Agosti au Septemba. Lipo dirisha la pili, mwanzoni mwa Desemba vuli inapotulia, uvune kabla masika haijaingia Machi. Hilo lina hatari, maana vuli huweza kuchelewa kuondoka, na Januari na Februari utamwagilia sana.

Hapa niseme neno kuhusu Ramadhani, kwa kuwa watu wengi hutamani tikiti la kufuturia kutoka uani kwao. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari, maana yake mbegu ingebidi iingie ardhini mapema Novemba, katikati ya vuli. Kwa miaka hii, tikiti la futari tuwaachie wakulima wenye maeneo makubwa. Uani kwako tegemea dirisha la Juni.

Bara mambo yanageuka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu 1,400. Usiku wa Julai Nairobi unafika nyuzi 12 au chini, na tikiti likikaa kwenye baridi ya namna hiyo husimama kukua. Huko chagua hoho bila kujiuliza mara mbili. Dodoma, yenye jua kali na mvua chache, inalifaa tikiti vizuri ilimradi maji yawepo.

Udongo wako ulibeba nini mwaka jana?

Swali hili watu hawaulizi, nami naliona kubwa kuliko la nafasi. Pilipili ni ndugu wa nyanya, biringanya, nyanya chungu na viazi mviringo. Magonjwa yao wanagawana. Tikiti ni ndugu wa tango, boga na mung'unye.

Kama mwaka jana nyanya zako zilinyauka ghafla mchana, majani yakiwa bado ya kijani, zikafa ndani ya siku chache ingawa ulimwagilia, shuku mnyauko bakteria. Kuupima hakuhitaji maabara. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kifunge uzi, kitumbukize ncha tu kwenye glasi ya maji safi na usiitikise. Ugonjwa ukiwemo, baada ya dakika chache utaona nyuzinyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina. Ukiona hivyo, tuta hilo usilipandie pilipili. Vimelea hukaa udongoni miaka mingi na hakuna dawa ya dukani inayowamaliza. Tikiti si chakula chao cha kawaida, kwa hiyo tuta lililoua nyanya ni mahali pazuri pa kujaribu tikiti. Ukishikilia pilipili, tumia ndoo na udongo wa mahali pengine, na usizikalishe ndoo juu ya tuta lile.

Kinyume chake ni kweli pia. Kama maboga au matango yalioza na kunyauka hapo, waache ndugu zao wapumzike misimu kadhaa, panda pilipili.

Kuna adui wa wote wawili: minyoo fundo. Ng'oa mche wa zamani utazame mizizi. Ikiwa na vifundo kama shanga, pilipili zitadumaa na matikiti yatadumaa. Hapo ndoo ndizo dawa, au tuta lipumzike likiwa na mibangi bangi (maua ya marigold, si bangi ya kuvuta) iliyosongamana kwa msimu mzima.

Kuhusu aina ya udongo, kichanga cha Pwani kinalifaa tikiti kuliko wengi wanavyodhani. Maji hayatuami, mizizi inakwenda chini haraka. Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo hulima matikiti kwenye udongo wa namna hiyo. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande, changanya udongo na samadi iliyoiva kabisa, panda juu yake mbegu mbili au tatu moja kwa moja, kina cha sentimita mbili au tatu. Miche ya tikiti haipendi kuhamishwa. Pilipili kwenye kichanga inataka mboji nyingi zaidi na matandazo ya majani makavu, la sivyo utakuwa mtumwa wa ndoo ya maji.

Maji

Pilipili ya ndooni inataka maji kila siku wakati wa joto, lita moja au mbili, na ukisafiri siku tatu bila mtu wa kukushikia, utaikuta imelala. Iliyo ardhini yenye matandazo inavumilia siku mbili au tatu. Tikiti linapendelea kunyweshwa kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki, shinani, bila kulowesha majani. Kisha, tunda likifikia ukubwa wake, punguza maji siku saba hadi kumi za mwisho ili sukari isipooze. Kwa mtaa wenye mgao wa maji mara mbili kwa wiki, ratiba ya tikiti inaendana na bomba vizuri zaidi, mradi uwe na mapipa.

Yote mawili huoza kitako yakinyweshwa kwa kubahatisha, leo mafuriko kesho ukame. Doa jeusi kwenye ncha ya tunda si mdudu wala ukungu. Ni madini ya kalisi (kalsiamu) kutofika kwenye tunda, na dawa yake ya kwanza ni kumwagilia kwa mpangilio. Maji ya kisima yenye chumvi huwaumiza wote pia, ila ndoo huumia zaidi kwa kuwa chumvi haina pa kwenda. Mvua ikinyesha, ziache ndoo zilowe mpaka maji yatoke chini kwa wingi.

Maua: kazi ambayo pilipili haikudai

Ua la pilipili lina sehemu zote mbili, kiume na kike, ndani yake. Upepo ukilitikisa kidogo limejichavusha. Hutahitaji kufanya lolote.

Tikiti lina maua ya kiume na ya kike mbalimbali kwenye mmea mmoja. Ya kiume hutangulia, kwa siku kadhaa hadi wiki au zaidi, na yote hudondoka. Mtu asiyejua anadhani mmea umegoma, anaanza kuongeza mbolea, majani yanazidi na matunda yanazidi kuchelewa. Ua la kike utalitambua kwa kijitikiti kidogo chenye manyoya nyuma ya petali. Linafunguka asubuhi ya siku moja tu. Nyuki wasipofika siku hiyo, kijitikiti kinageuka njano na kuanguka. Wakifika wachache, tunda linakua upande mmoja na kupinda.

Ndiyo maana nilisema usipande shina moja: mashina matatu au manne yanakuhakikishia maua ya kiume na ya kike kufunguka siku moja, na yanawavuta nyuki. Mtaani kwako nyuki wakiwa wachache, fanya mwenyewe. Kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi, chuma ua la kiume lililofunguka, ng'oa petali zake, pakaza unga wake katikati ya ua la kike, pande zote tatu. Tumia maua mawili ya kiume kwa kila la kike. Kisha acha matunda mawili kwa kila shina, matatu ukizidi, na mengine yaondoe mapema. Inauma kuyakata, lakini shina lenye matunda sita halitakupa hata moja tamu.

Kama asubuhi zako zote unatoka nyumbani saa kumi na moja kuwahi daladala, na nyumbani hakuna mwingine wa kushika kazi hiyo, chukua pilipili.

Wadudu na wezi

Adui mkubwa wa tikiti ni nzi wa matunda. Jike hutoboa tunda likiwa changa, hutaga ndani, na wewe huoni ila kijitone cha utomvu, mpaka tunda linapooza likiwa la ukubwa wa ngumi. Lifunike tunda siku chache baada ya kufunga, kwa karatasi, kitambaa chepesi au soksi kuukuu, na uliweke juu ya nyasi kavu lisigusane na udongo wenye unyevu. Lililooza usilitupe jalalani. Lizike kina cha nusu mita, maana ndani yake kuna kizazi kizima cha nzi.

Pilipili huteswa na wadogo zaidi: vithiripi, utitiri na vidukari, ambao hukunja majani machanga. Geuza majani kila wiki utazame chini yake. Ukiwaona mapema, kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, ukinyunyiza jioni chini ya majani na kurudia baada ya siku nne au tano, kinawapunguza vya kutosha. Mche uliojikunja kabisa na kubaki na mabaka ya njano una virusi. Ung'oe, usiuonee huruma, kabla vidukari hawajaupelekea mwingine.

Kuku wataparua vyote viwili vikiwa vichanga, kwa hiyo zungushia wavu. Ndege hula pilipili kichaa kama karanga kwa sababu ukali wake hauwaumi. Na tikiti lililoiva uani lina macho mengi yanayolitazama, yakiwemo ya watoto wa mtaa. Panda la ziada.

Mavuno yenyewe

Tikiti la Sugar Baby linaiva siku 75 hadi 90 tangu kupanda mbegu. Mashina manne yatakupa matunda manane hivi, karibu yote ndani ya wiki mbili, kisha mmea umekwisha. Ni furaha kubwa ya muda mfupi. Chuma kwa alama, usibahatishe, kwani tikiti likishakatwa haliongezi utamu: kikono cha kujikunja kilicho karibu na tunda kiwe kimekauka, doa la upande wa chini liwe limegeuka kutoka jeupe kuwa njano ya siagi, na ukiligonga litoe sauti nzito.

Hoho inakaa kitaluni wiki sita hivi, kisha siku 70 hadi 80 baada ya kuhamishwa unaanza kuchuma, kila wiki kidogokidogo, kwa miezi miwili au mitatu. Ukiiacha wiki mbili hadi nne zaidi inakuwa nyekundu na tamu, ingawa mche utapunguza maua mapya. Mbuzi ndiyo inayochelewa. Mbegu yake inaweza kuchukua wiki tatu kuota, na tunda la kwanza ni miezi mitatu au minne baada ya kuhamisha. Lakini ikishaanza, inaendelea mwaka mzima na zaidi ukiipogoa na kuilisha samadi. Kichaa huishi uani miaka kadhaa. Nyumba ya watu watano haimalizi mazao ya mashina mawili ya pilipili mbuzi.

Maneno mawili ya mtaani yanayowapotosha watu kwenye uchaguzi. Wanasema tikiti likipandwa jirani na tango linapoteza utamu: si kweli, mimea hiyo haizaliani, na tikiti baya lina sababu nyingine, hasa kivuli, maji mengi ya mwisho au kuchumwa mapema. Wanasema hoho ikikaa karibu na pilipili kali itawasha: tunda la msimu huu haliguswi. Mbegu utakazozitoa ndani yake ndizo zinazoweza kubeba ukali, hasa ikiwa zile mbili ni za spishi moja. Na kama mbegu ulizonunua ni chotara za F1, usihifadhi mbegu za matunda yake kwa vyovyote, kwa tikiti wala kwa hoho, kwa kuwa watoto hawatafanana na mzazi.

Ningechagua nini

Kwa kibaraza, ua wenye kivuli, au mtu asiyekuwepo asubuhi: pilipili mbuzi mbili na kichaa moja, ndani ya ndoo, wakati wowote wa mwaka. Kwa ua wa baridi wa bara: hoho. Kwa ua wa Pwani wenye mita nane za mraba za jua kamili na mtu wa kuhudumia maua: tikiti, lakini kwa dirisha la mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni tu. Hoho Pwani ningeiweka ya mwisho katika orodha, si kwa ubaya wake, ila inadai kalenda kali kama tikiti bila kukulipa tikiti.

Na aliye na nafasi asijinyime. Panga ndoo za pilipili upande wa ukuta unaopata kivuli cha alasiri, tuta la katikati liachie tikiti mwishoni mwa Mei. Septemba, matikiti yakishaliwa, ng'oa mashina yote uyachome au uyafukie mbali, na tuta hilo lipe kunde kabla vuli haijaanza.